Fedha za Mama na Amani ya Nyumba

Somo la mwezi huu si la mbolea wala la dawa ya kupe. Ni somo la fedha zipatikanazo kwa jasho la mama shambani, na la ngumi ambazo mara nyingine hufuata fedha hizo mpaka nyumbani. Labda msomaji mmoja atasema, "Hayo ni mambo ya chumbani. Gazeti la wakulima layatakia nini?"

Jibu letu ni hili. Mkulima hufundishwa kupanda kwa mistari, kunyunyiza dawa kwa wakati wake na kuuza kwa bei nzuri, ili nyumba yake ipate nafuu. Ikiwa siku ya malipo ndiyo siku ya kilio, mafundisho hayo yote yamepotea bure. Mama aliyevunjwa mkono hawezi kukama ng'ombe. Mtoto aliyekesha kwa hofu hawezi kusoma vema. Na shamba la watu wagombanao huota magugu.

Nyumba ya mfano

Na tuanze kwa mfano. Mume na mke hawa tumewatunga ili tujifunze, lakini wasomaji wengi watawatambua. Tuwaite Baba Kendi na Mama Kendi. Wana ekari mbili huko Meru, kwenye mteremko wa Mlima Kenya. Kahawa ni ya Baba Kendi, na namba ya chama cha ushirika ina jina lake. Mama Kendi ana kipande kidogo karibu na mfereji, ambapo tangu zamani alipanda sukuma wiki na viazi vya chakula cha nyumbani.

Miaka mitatu iliyopita Mama Kendi alijaribu mishiri, yaani yale maharagwe mabichi yanayouzwa ng'ambo. Alipanda mwenyewe, akapalilia, akanyweshea maji. Alichuma asubuhi mapema na kuyachagua moja moja, kwa maana mnunuzi hukataa lililopinda na lenye doa. Siku moja malipo yaliingia katika simu yake. Baba Kendi alisikia habari hiyo kwa jirani.

"Mama Kendi, nasikia mmelipwa."

"Ndiyo, Baba Kendi. Tulilipwa juzi."

"Mbona sikuambiwa? Shamba ni la nani?"

"Shamba ni lako. Lakini mgongo unaouma ni wangu. Nimelipa karo ya Kendi na deni la mbegu."

"Lete simu hapa."

Mama Kendi alikawia kuitoa, naye akampiga. Kesho yake alikwenda kuchuma maharagwe jicho likiwa limevimba. Wenzake walipomwuliza, alisema ameanguka mferejini. Msimu uliofuata Baba Kendi alimpelekea mnunuzi jina lake mwenyewe, na kile kipande cha mferejini kikawa chake. Mama Kendi aliendelea na kazi ile ile, lakini malipo hayakupita tena mkononi mwake. Mavuno yalipungua. Hakuna ajabu katika hayo, kwa sababu mtu hawezi kuamka mapema kwa moyo mmoja kwenda kuchuma kitu ambacho hataona faida yake.

Nani amepata faida katika nyumba hii? Mama amepata jicho bovu. Baba amepata fedha kidogo kuliko zamani, na mke asiyesema naye ila kwa lazima. Kendi amejifunza kwamba baba ni mtu wa kuogopwa siku ya malipo.

Mambo haya yamekwisha kuonekana

Mfano huu haukutoka hewani. Katika miaka ya 1990 mtaalamu Catherine Dolan alichunguza kilimo cha mishiri huko Meru, akaandika habari zake mwaka 2001. Aliona kwamba tangu zamani mboga zilikuwa kazi ya wanawake, nayo kahawa ilikuwa mali ya wanaume. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya kahawa yalivunjika, na bei ya kahawa ikaanguka vibaya. Mishiri, kwa upande wake, ilikuwa ikileta fedha. Basi wanaume wengi waliigeukia. Mikataba iliandikwa kwa majina yao kwa kuwa wao ndio waliokuwa na ardhi. Wanawake waliendelea kufanya sehemu kubwa ya kazi, lakini walipata chini ya nusu ya fedha. Ugomvi ukaingia katika nyumba nyingi.

Mtu akisoma habari hizo tu, anaweza kusema, "Kumbe fedha za mke ndizo zinazoleta vita. Afadhali asiwe nazo." Lakini angoje asikie habari za Rarieda, katika Kaunti ya Siaya.

Mwaka 2011 na 2012 shirika la GiveDirectly liligawa fedha za bure kwa nyumba maskini za Rarieda. Nyumba zilizochaguliwa ni zile za paa la nyasi, na fedha zilipelekwa kwa njia ya simu. Katika nyumba yenye mume na mke, kura ndiyo iliyoamua ni nani atakayepokea. Nyumba nyingine mke alipokea, na nyingine mume alipokea. Wataalamu Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro pamoja na wenzao walilinganisha nyumba hizo na nyingine ambazo hazikupewa kitu. Matokeo yake yalikuwa haya: mke alipopokea fedha, kipigo kilipungua, na kulazimishwa kitandani vile vile kulipungua. Mume alipopokea, kipigo kilipungua pia, lakini kule kulazimishwa hakukupungua.

Basi si kweli kwamba shilingi mkononi mwa mke ni sumu ya nyumba. Huko Rarieda shilingi zilipunguza vita. Twaweza kujifunza nini kwa kuyaweka mambo haya mawili pamoja? Rarieda fedha zilikuja zikijulikana, na hakuna aliyenyang'anywa chake ili mwenzake apate. Meru mambo yalikuwa kinyume. Huko mmoja alifanya kazi na mwingine akashika malipo, na hapakuwa na mapatano yaliyosema nani ana haki gani.

Somo letu, kwa maneno machache, ni hili: tusimpunguzie mama mapato ili kuleta amani. Tutengeneze njia ya kuyahesabu na kuyagawa, na tukomeshe mkono unaopiga.

Ubaya huu ni mkubwa kiasi gani?

Uchunguzi wa afya ya watu uliofanywa na Serikali mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 34 walikuwa wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofikia miaka 15. Kwa wale waliopata kuolewa, mpigaji aliyetajwa zaidi ni mume. Msomaji akienda kanisani, msikitini au kwenye kituo cha maziwa, na awatazame akina mama watatu waliokaa pamoja. Kwa hesabu hiyo, mmoja wao yamempata. Hawezi kumjua kwa kumtazama, kwa sababu wengi husema wameanguka mferejini.

Mambo manne yanayoleta ugomvi wa fedha

Moja: Hesabu ya kichwani. Mume anajua kwamba maziwa yameuzwa, lakini hajui pumba na dawa zimegharimu kiasi gani. Hufikiri mke ana shilingi 5,000, kumbe amebaki na 3,000. Tofauti hiyo huiita wizi.

Mbili: Jina moja tu katika karatasi. Namba ya chama cha chai au kahawa, mkataba wa mboga na akaunti ya maziwa mara nyingi huwa na jina la mume peke yake, hata kama mke ndiye mfanyakazi mkubwa. Hapo mke hulazimika kuomba kile alichokwisha kukifanyia kazi.

Tatu: Malipo makubwa ya mara moja. Katika nchi za majani ya chai kila mtu anajua habari za bonasi ya mwaka. Fedha za miezi mingi huja siku moja. Mume mwingine hutoweka nazo siku tatu akarudi mifuko mitupu, na mke akiuliza swali la haki hujibiwa kwa kofi.

Nne: Heshima iliyowekwa mahali pabaya. Mume mwingine amelelewa akiamini kwamba mwanamume ni yule anayeleta fedha zote. Mke akileta zaidi, huona amevuliwa nguo mbele ya watu. Mtu wa namna hii haibiwi kitu, lakini hujiona kama aliyeibiwa.

Sababu tatu za kwanza zina dawa katika daftari na karatasi. Ile ya nne dawa yake ni kubadili mawazo, nasi tutaieleza mbele kidogo. Lakini kumbuka kwamba hata moja kati ya sababu hizi si ruhusa ya kupiga. Mtu akiona hesabu haikutimia, na aulize hesabu.

Daftari la nyumba

Nunueni daftari moja la mistari. Likae mahali ambapo wote wawili wanaweza kulifikia. Kila Jumapili jioni, au siku yoyote mnayopenda, kaeni nusu saa mlisome pamoja. Asiyejua kusoma, mtoto wa shule amsomee kwa sauti. Andikeni mambo manne: kilichouzwa, gharama zake, nani amefanya kazi siku ngapi, na fedha zilizobaki zimekwenda wapi. Huu hapa ni mfano wa mwezi mmoja. Bei ni za mfano tu, msizichukue kuwa bei za soko.

Maziwa: lita 4 kwa siku, siku 30, kwa Sh. 45 kila lita. Jumla Sh. 5,400. Chakula cha ng'ombe na dawa, Sh. 2,400. Yamebaki Sh. 3,000.

Mishiri: kilo 120 kwa Sh. 60 kila kilo. Jumla Sh. 7,200. Mbegu, mbolea na dawa, Sh. 2,600. Zimebaki Sh. 4,600.

Siku za kazi katika mishiri: mama siku 18, baba siku 5.

Jumla ya fedha zilizobaki: Sh. 7,600.

Zimegawanywa hivi: chakula na mahitaji ya nyumba Sh. 3,000, karo Sh. 2,000, akiba ya mbegu na dawa za msimu ujao Sh. 1,200, mchango wa kikundi Sh. 400, mkononi mwa mama Sh. 500, mkononi mwa baba Sh. 500.

Tazameni mambo mawili katika mfano huu. Kwanza, siku za kazi zimeandikwa. Watu wengi huandika gharama ya mbolea wakasahau mgongo wa mtu. Baba akiona kwa macho yake siku 18 kwa siku 5, hatauliza tena shamba ni la nani kama kwamba shamba hujilima lenyewe. Pili, kila mmoja ana fedha kidogo mkononi ambazo haulizwi habari zake. Mama akitaka kununua kitambaa, au baba akitaka kunywa chai sokoni na wenzake, hakuna wa kumfokea. Mtu mzima anayeomba hata senti ya chumvi hukosa heshima machoni pake mwenyewe.

Tena, patanisheni mambo kabla ya kupanda, si baada ya kuuza. Kabla mbegu haijaingia udongoni, semeni: kipande hiki ni cha nani msimu huu, nani atafanya kazi gani, na malipo yataingia katika simu ya nani. Maneno yaliyosemwa kabla ya fedha kuonekana ni mepesi. Fedha zikiisha kuonekana, maneno huwa mazito.

Pale ambapo daftari peke yake halitoshi

Hapa twataka msomaji asome polepole. Shauri la daftari ni la nyumba ambayo watu wake hutofautiana lakini hawaogopani. Ikiwa mke amekwisha kuanza kupigwa, daftari halitamponya mkono mtu aliyezoea kupiga. Anaweza hata kulitumia kujua fedha ziko wapi ili azichukue. Mama wa namna hiyo akiweka akiba yake katika kikundi bila kumwambia mumewe, asiitwe mdanganyifu. Anajilinda, kama mtu afichavyo mbegu za kupanda wakati wa njaa.

Zipo dalili zinazoonyesha kwamba mambo yamepita ugomvi wa kawaida:

(a) Mume huchukua simu ya mkewe kwa nguvu na kumlazimisha kutaja namba ya siri.

(b) Huficha au kuchoma kitambulisho chake, kadi ya kikundi au nguo zake za kutokea.

(c) Humzuia kwenda sokoni au kazini, au humfuata kila aendako.

(d) Humnyima fedha za chakula, dawa au karo ilhali anazo.

(e) Huuza ng'ombe au mavuno ya mke kwa kumkomoa.

(f) Husema, "Siku moja nitakuua." Maneno haya yasichukuliwe kuwa mzaha hata kidogo.

Mama aliye katika hali hii na afanye hivi. Kitambulisho, vyeti vya watoto na kadi za hospitali, au nakala zake, aviweke kwa mtu mwaminifu. Amwambie jirani mmoja ukweli, wakubaliane ishara ya kuomba msaada usiku. Akiumizwa, aende hospitali upesi hata kama jeraha ni dogo, na amweleze mganga jinsi alivyoumia. Akilazimishwa kimwili, aende kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazifai kuanzwa baada ya hapo, na asioge wala kufua nguo zile kabla ya kuonekana na mganga. Aripoti katika kituo cha polisi, aandikiwe katika kitabu cha matukio, aichukue namba yake, na aombe fomu ya P3 ili mganga aijaze. Simu ya 1195 hupokea habari za ukatili wa namna hii bila malipo, nayo 116 ni ya watoto. Jambo likiwa la hatari papo hapo, apige 999 au 112.

Sheria inasema nini

Wengi husema, "Mke ni wangu, nimemlipia mahari." Basi na wasikie sheria za nchi.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 29, yasema kila mtu ana haki ya kutotendewa ukatili wa namna yoyote, uwe umetoka serikalini au kwa mtu binafsi. Kifungu cha 45 chasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakati wa ndoa na wakati wa kuachana. Hakikuandikwa mahali popote kwamba mahari hufuta haki hizo.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yahesabu kazi ya nyumbani, kulea watoto na kazi ya shamba kuwa mchango katika mali ya ndoa, hata kama kazi hiyo haikulipwa shilingi. Lakini mama asidanganywe kwamba nusu kwa nusu huja yenyewe. Mwezi wa Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba wakiachana, kila mmoja hupata kwa kadiri ya mchango wake uliothibitishwa. Hapo ndipo lile daftari lenye siku za kazi linapoonyesha thamani yake. Lihifadhiwe vema, mwaka baada ya mwaka.

Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu na ukatili wa nyumbani haikutaja kipigo peke yake. Kumnyima mtu fedha za lazima za chakula, dawa, kodi ya nyumba au karo bila sababu ya haki, na kumzuia kufanya kazi ya kujipatia riziki, ni ukatili pia. Mahakama yaweza kutoa amri ya ulinzi, kwamba mkosaji asimguse mwenzake, asimtishe, wala asikaribie anapoishi. Sheria hii humlinda mume vile vile, maana wapo wanaume wanaopigwa, na aibu huwafunga midomo.

Tena, kumpiga mtu na kumwumiza ni kosa la jinai. Anayehukumiwa kwa kosa hilo aweza kufungwa hadi miaka mitano. Wazee wa ukoo wana kazi njema ya kupatanisha watu waliokosana kwa maneno. Lakini jeraha la mama haliponi kwa mbuzi aliyechinjwa, akaliwa na wazee, kisha mama akarudishwa kwa mpigaji bila ulinzi.

Neno kwa akina baba

Tulisema sababu ya nne ya ugomvi ni heshima iliyowekwa mahali pabaya. Tuyapime maneno matatu yanayosikika sana penye pombe.

"Mwanamke akipata fedha hupanda kichwa." Tazama kwanza fedha zake zimekwenda wapi. Mara nyingi utaziona katika sare za shule, sufuria na dawa ya mtoto. Ikiwa anasema zaidi ya zamani, huenda ni kwa sababu sasa ana la kusema. Mshauri mwenye hesabu mkononi ni mali katika nyumba.

"Shamba ni langu, cheti kina jina langu." Cheti hakipalilii. Shamba bila mikono ni kichaka chenye jina.

"Nisipompiga, wanaume watanicheka." Wanaume hao hawatakulipia karo, wala hawatakulisha uzeeni. Watoto wako ndio watakaokutunza, nao wanatazama kila siku jinsi unavyomtendea mama yao.

Baba anayeona hasira ikimpanda siku ya malipo, na atoke nje, atembee hadi mtoni, arudi baada ya saa moja. Hesabu haitakimbia. Na kama ni pombe inayompandisha hasira, fedha zigawanywe kabla ya kwenda sokoni, si baada ya kurudi.

Kazi ya vyama na vikundi

Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianza mwaka 1952, na tangu siku zile akina mama wa shamba wamejifunza kwamba jambo lisilowezekana kwa mmoja huwezekana kwa ishirini. Kikundi cha kuweka akiba kisiwe cha kuchanga na kukopeshana tu. Mwenzenu asipofika mara mbili, mmoja aende kumtazama. Msikubali kadi ya mwanachama itumiwe na mtu mwingine kuchukua akiba yake.

Vyama vya ushirika vina kazi pia. Yafaa kiwape wanachama nafasi ya kuandikisha mume na mke pamoja, na mahali palipo na kazi ya mke, malipo ya sehemu yake yaende katika simu yake. Wanunuzi wa mboga waulize ni nani anayelima, si nani mwenye cheti tu. Na afisa wa kilimo wa wadi akiitisha mafundisho, awaalike wote wawili, tena saa ambayo mama amemaliza kukama. Mume na mke waliosikia somo moja kwa pamoja hawana haja ya kubishana nyumbani juu ya alilosema mwalimu.

Rudi sasa katika nyumba ya Baba Kendi. Je, ingeweza kuwa vingine? Tuseme kabla ya kupanda walikuwa wamekaa wakapatana kwamba kipande cha mferejini ni cha mama, na kwamba nusu ya karo itatoka huko. Malipo yangeingia, na jioni ile ile mama angefungua daftari. Baba angesoma "karo imelipwa," angeshukuru kwamba mzigo mmoja umemtoka mabegani, na mwezi ule angeweza kununua mbolea ya kahawa yake. Fedha ni zile zile, shamba ni lile lile, na jicho la Mama Kendi lingekuwa zima.

Maswali ya kujadili nyumbani au katika kikundi

1. Katika nyumba yako, ni nani anayefanya kazi siku nyingi zaidi katika zao linaloleta fedha? Jina lililo katika karatasi ya malipo ni la nani?

2. Je, mume na mke wanajua wote wawili ni shilingi ngapi zilizobaki mwezi uliopita baada ya gharama? Kama hawajui, ni nini kinachozuia?

3. Kama binti yako angekuja kwako leo akiwa na jicho lililovimba, ungemwambia nini? Je, jirani yako anastahili neno tofauti na hilo?

4. Kikundi chenu kitafanya nini mwanachama akija akisema ameanguka mferejini, nanyi mnajua kwamba hakuanguka?